Ukiletewa habari ya bosi mnyanyasaji, usimuulize mhanga ushahidi

Habari ya kwanza ya namna hii niliyoletewa, niliiharibu mwenyewe. Dada mmoja wa chumba cha habari alinieleza jinsi mkuu wake alivyomwita ofisini wenzake walipokwisha kuondoka, akafunga mlango. Alisimulia huku akikunja na kukunjua risiti mkononi mpaka ikachanika vipande. Alipomaliza nikamuuliza, "Una ushahidi?" Akanyamaza, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Simu zangu hakupokea tena.

Ushahidi ni lazima uwepo. Lakini kuutafuta ni kazi yangu, na mimi nilimtwisha yeye.

Siku hizi naanza hivi: "Siku ile ulimwambia nani?" Mara nyingi yupo mtu: ndugu, mwenzake wa zamu, rafiki aliyempigia akiwa njiani analia. Mtafute huyo, umhoji peke yake, kabla hawajakaa pamoja kukumbushana. Kisha fuata karatasi. Ratiba ya zamu inaonyesha nani alikuwa kazini usiku huo. Barua ya kujiuzulu ina tarehe. Malalamiko yaliyopelekwa idara ya utumishi yana muhuri, hata kama hayakujibiwa.

Tazama habari ya Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu wa Hollywood aliyetuhumiwa kunyanyasa wanawake kingono, iliyotolewa na Jodi Kantor na Megan Twohey wa New York Times tarehe 5 Oktoba 2017. Mwigizaji Ashley Judd alikubali kutajwa jina, na huo ulikuwa ujasiri mkubwa, lakini nyuma yake palikuwa na nyaraka za ndani ya kampuni na malipo ya kuwanyamazisha wanawake wasiopungua 8. Aprili mwaka huohuo, gazeti hilohilo lilikuwa limefichua malipo ya takriban dola milioni 13 kwa wanawake 5 waliomlalamikia Bill O'Reilly, mtangazaji wa televisheni ya Fox News. Kabla mwezi haujaisha, kazi hakuwa nayo tena. Mtu anaweza kukana maneno ya mwanamke mmoja. Hundi ni ngumu kuikana.

Malipo hayo huandamana na mkataba wa usiri. Ukikutana na aliyetia saini, tafadhali usimsukume auvunje. Aonane na wakili kwanza, wakili wake mwenyewe, si wa gazeti lako. Zelda Perkins, aliyekuwa msaidizi wa Weinstein London, alitia saini mwaka 1998 na akakaa kimya hadi 2017. Ni miaka 19 ya kumeza maneno. Mtu wa hivyo humharakishi kwa sababu mhariri anataka habari Ijumaa.

Wala usimwahidi kwamba habari itatoka. Mwaka 2011 kipindi cha Newsnight cha BBC kilichunguza habari za Jimmy Savile, mtangazaji maarufu wa Uingereza aliyetuhumiwa kunyanyasa watoto kingono, mwanamke mmoja akakubali kuhojiwa mbele ya kamera, kisha habari ikawekwa kando. Ilibidi kusubiri kituo kingine, ITV, kiitoe Oktoba 2012. Savile alikuwa ameshazikwa. Huwa namfikiria yule mwanamke kila ninapotamani kusema "tutaitoa tu, usijali." Mwambie ukweli: naweza kushindwa.

Jambo ninalolisisitiza zaidi kwa vijana ninaofanya nao kazi ni hili: kabla ya kuchapisha, kaa naye umsomee kila sentensi inayomhusu. Wahariri wengine hawalipendi. Mimi sitaliacha. Miaka kadhaa baada ya yule dada wa risiti, nilimsomea mama mmoja maelezo yake, nikafika pale nilipoandika "akafunga mlango." Akanizuia.

"Aliufunga kwa ufunguo," akasema. "Akautia mfuko wa shati, akaupigapiga hivi." Akajigusa kifuani mara mbili.

Nikaenda kwa mwanamke mwingine, wa ofisi nyingine, asiyemjua huyu hata kwa jina. Sikumtajia ufunguo. Nilimwomba tu anisimulie tena tangu alipoingia mlangoni, na alipofika hapo mkono wake ukapanda wenyewe kifuani.