Kete nzito za chesi: bei yake haipatikani kwa kujumlisha

Ukitoka kwenye chesi ya kawaida ukaingia kwenye zile zenye kete za ziada, kitu cha kwanza kitakachokuvuruga ni bei. Tumezoea kuhesabu kwa pointi: askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Sasa unakutana na askofu mkuu, anayekwenda kama askofu na pia kama farasi. Unajumlisha, unapata 6. Nami nilijumlisha hivyohivyo, nikamtoa kwa ngome na askari mmoja nikiamini tumetoshana nguvu. Nilifungwa.

Panga ubao ujionee. Mfalme wa adui yuko peke yake a1, mraba wa kona, askofu mkuu wako c3. Kwa mshazari anampiga shaha, yaani anamshambulia mfalme, na kuziba b2, kwa mruko wa farasi anaziba a2 na b1. Mchezo umekwisha, wala hakusaidiwa na kete yoyote. Mweke malkia pale pale c3, mfalme atatorokea a2 au b1. Askofu hufungwa kwenye rangi moja maisha yake yote, farasi hatua zake ni fupi. Wakiwa kete moja, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Ndiyo maana mimi humpa 8, nyuma kidogo tu ya kansela, ambaye ni ngome na farasi.

Hawa wawili ni wa zamani. Pietro Carrera wa Sicily aliwaandika mwaka 1617, na Capablanca, bingwa wa dunia kutoka Cuba, akawarudisha miaka ya 1920 kwenye ubao wa 10 kwa 8. Ukitaka kuwazoea kwenye ubao wa kawaida, anza na aina ya chesi iliyobuniwa na Yasser Seirawan na Bruce Harper mwaka 2007.

Kwa amazoni, malkia mwenye mruko wa farasi, nakuomba subira. Ana thamani ya kama 12, na uzito huohuo ndio unaomfunga. Mraba unaolindwa na askari mmoja tu, kwake ni marufuku, maana huwezi kumbadilisha na chochote. Ukimtoa mapema, farasi na askari watamkimbiza huku mpinzani akipanga jeshi lake bila gharama. Mbakize nyuma mpaka kete ndogo zipungue. Ubao ukishakuwa karibu mtupu, mlete: anaweza kumfukuza mfalme aliye peke yake na kumfunga, mfalme wako akiwa amekaa kwake.