Injini imesukwa juzi tu, mbona inavuja oili?

Ukurasa wa Gereji: maswali yenu, majibu ya fundi

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Corolla 110, injini yake 5A. Ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu mpaka majirani wakawa wananitania, nikajipinda ikafunguliwa yote nikaisuka upya, ringi mpya, beringi mpya, seti nzima ya gasketi, na hedi, kile kipande cha juu cha injini, ikapelekwa kwenye mashine. Sasa moshi hakuna na gari inavuta vizuri ila kila asubuhi nakuta oili chini, inadondokea pale gia boksi inapoungana na injini. Fundi wangu akaingia chini ya gari, hata dakika mbili sidhani, akatoka anasema ni sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea, gia boksi ishuke tena, na mimi nilipie sili na kazi ya kushusha. Nikamwambia si ulifunga mpya juzi, anasema spea za siku hizi feki. Nimwamini au napigwa?
Mama Nasri, Mbagala

JIBU: Pole Mama Nasri, na umefanya vizuri kuuliza kabla gia boksi haijashuka. Fundi wako anaweza kuwa sahihi, sisemi anakupiga, ila alichokiona mpaka sasa ni tone linapodondokea, na hiyo haitoshi kushusha gia boksi ya mtu. Oili inateremka, na gari ikitembea upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo inaweza kutokea juu kabisa kwenye hedi ikatambaa ukutani mwa injini ikaja kuning'inia sehemu ya chini kuliko zote, na hiyo sehemu ndio hapo ulipopataja.

Sasa kwa gari yako wewe kuna mtuhumiwa ambae mimi ningemkamata kwanza, distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Kwenye hizi injini za 5A na 4A distributa imechomekwa mwisho wa hedi upande wa gia boksi, inazungushwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na kinachozuia oili isitoke hapo ni oringi, pete moja tu ya mpira. Injini ikisukwa distributa inatolewa kisha inarudishwa, na mara nyingi inarudishwa na oringi yake ile ile ya zamani ambayo moto wa miaka mingi umeshaifanya ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Oili ikipita hapo inashuka mgongoni mwa hedi, inatua juu ya gia boksi, inazunguka inakuja kudondoka chini kwenye maungio, na mtu aliyelala chini ya gari ataapa ni sili ya krenki. Oringi yenyewe bei yake ni ya kitu kidogo na kuibadilisha hakuhitaji kushusha chochote, ila fundi awe ameweka alama ya distributa ilivyokaa kabla hajaifungua maana akiirudisha imezungukazunguka taimingi, yaani wakati wa kutoa moto, itapotea utaanza kulalamika gari haina nguvu.

Pili ni kona ya nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, upande huo huo. Gasketi ikikaa imepinda, au hizi nati za juu zikikazwa kwa hasira mpaka kava likajikunja, itavuja hapo hapo na itateremka njia ile ile.

Utajuaje ni ipi? Injini ioshwe. Najua inaonekana kazi ya kitoto lakini mafundi wengi hawaifanyi, na injini iliyotoka kusukwa huwa imepakwa oili kila mahali wakati wa kufunga, nyingine unayoiona ni mabaki tu wala sio kuvuja. Injini ikiwa imepoa muoshe kwa dawa ya kuondolea mafuta au mafuta ya taa na brashi, petroli hapana, distributa na alteneta vifungwe mfuko wa plastiki, na msielekeze ile mashine ya maji ya kwenye kuosha magari kwenye distributa mtakuja kusukuma gari. Ikauke kabisa kabisa. Halafu chukua poda ya mtoto, hii ya dukani ya kawaida, mnyunyizie kuzunguka mguu wa distributa, ukingo wa tapeti kava, pale hedi inapokaa kwenye bloku na chini kuzunguka sampu, lile bakuli la oili, mpaka pawe peupe. Washa gari, iache ingurume mpaka feni ya rejeta iingie, piga resi kidogo kidogo, zima, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi uchungulie nyuma ya hedi. Panapovuja poda inageuka, unaona kamstari keusi kamechora kuanzia juu kwenda chini. Fuata kamstari kurudi juu mpaka kanapoanzia, hapo pa juu kabisa ndio jibu, kote chini yake ni njia tu. Kama hakuna kitu, nyunyiza tena uendeshe mwendo mfupi halafu uangalie, kuna kuvuja kwingine kunasubiri gari itembee.

Gereji zilizojipanga wana rangi maalumu wanachanganya kwenye oili halafu wanamulika kwa taa ya bluu, panapovuja panawaka kijani njano. Ni nzuri zaidi ila poda inatosha.

Kabla ya yote hayo weka boksi jeupe chini ya gari usiku kucha uangalie rangi. Oili ya injini ambayo haijatembea sana ni ya asali au kahawia, kama ni nyekundu na gari yako ni otomatiki basi hiyo ni ya gia boksi wala sio injini. Na gia boksi nayo si ilifunguliwa wakati wa kusuka? Sili za ekseli zinaumia sana fundi akirudisha ekseli kwa kulazimisha.

Haya, kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anaeliangalia na mimi nataka ulikomalie, injini kupumua. Ringi mpya hazikai vizuri siku ya kwanza, zinahitaji kutembea ndio zishikane na silinda, na kabla hazijashikana moshi kidogo wa moto unapita pembeni ya pistoni unaingia chini kwenye sampu. Hilo ni kawaida. Injini ina njia yake ya kutoa huo upepo, kuna kivalvu kidogo cha PCV kwenye tapeti kava na mpira wake unaokwenda kwenye manifodi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Sasa hicho kivalvu kikiwa kimeziba na uchafu wa ile injini ya zamani iliyokuwa inakula oili, maana yako ilikuwa inakula, upepo haupati pa kutokea na unatafuta sehemu dhaifu, unasukuma oili kwenye sili, kwenye gasketi, mpaka kwenye shimo la kijiti cha kupimia. Hapo hata ukifunga sili ya krenki iliyotoka Japani leo asubuhi itavuja jioni.

Kipimo chake ni cha bure. Gari ikiwa inanguruma bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kipande cha karatasi laini juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo au ikichezacheza tu, injini inapumua. Ikirushwa juu na upepo unatoka kwa nguvu na moshi, basi chomoa kivalvu ukitikise karibu na sikio, kinatakiwa kulia chaka chaka, kikiwa kimya kimekwama. Kuna mafundi wanaoosha, mimi nanunua kipya. Na kama kivalvu ni kizima, mipira haijaziba na upepo bado ni mkali hata baada ya gari kutembea kilomita za kutosha, hapo pima kompresheni, yaani presha ya ndani, silinda zote nne, kwa Toyota hizi haitakiwi ipishane zaidi ya psi 14 silinda na silinda. Ikipishana sana tatizo lako ni ringi au silinda na kuvuja ni dalili tu, na mazungumzo na fundi wako yanabadilika kabisa.

Ukishafanya yote, juu kukavu, distributa kavu, tapeti kava kavu, karatasi inavutwa vizuri, lakini chini ndani ya maungio ya gia boksi kunatoka oili ya injini, hapo mpe fundi haki yake, ni sili ya nyuma au jirani zake. Nasema jirani kwa sababu sili yenyewe inakaa kwenye bamba lake lenye gasketi, na chini ya hilo bamba panapokutana bloku, bamba na sampu kuna vikona viwili ambavyo visipowekwa silikoni ya kutosha vinavuja na watu wanalaumu sili. Gia boksi ikishuka simama hapo hapo uangalie mwenyewe. Pitisha ukucha kwenye krenki mahali mdomo wa sili unapogusa, ukikwama kwenye mfereji ujue sili yoyote mpya ikikaa palepale itavuja, inabidi isogezwe kidogo ikae sehemu ambayo haijaliwa. Angalia pia mdomo wa sili iliyotoka kama umechanika au kaspringi kake kamechomoka, hiyo ni ya kufungwa kavu bila kupakwa oili au kugongwa na nyundo upande mmoja, na hilo sio suala la spea feki. Kazi aliyoifunga yeye juzi ikiwa imechanika kwa mkono wake, hela ya kushusha ni yake, wewe labda uchangie sili. Mwambie kwa upole lakini mwambie.

Na wakati unasubiri pima oili kila asubuhi kabla hujawasha. Injini hii inabeba kama lita 3 tu, lita moja ikipotea umebaki na theluthi mbili, na beringi mpya hazina huruma.

SWALI: Fundi, mimi ni wa Mombasa, niko na Probox ya injini 1NZ imefanywa overholi. Oil inatoka upande wa cheni ya taimingi, makanika ameshapaka silikoni kwa nje mara kadhaa lakini inarudi tu. Nifanyeje?
Abu Salma, Kisauni

JIBU: Abu Salma kwanza huyo makanika anyang'anywe huo mrija wa silikoni. Silikoni ya nje juu ya bati lenye oili haishiki hata siku moja, oili inatoka ndani inaisukuma inabanduka kama ngozi. Halafu inaficha panapovuja, anaekuja baada yake anaanza na kubandua.

1NZ ina kava la cheni la aluminiamu ambalo linazibwa kwa silikoni na halitegemei gasketi ya karatasi, na sehemu inayosumbua ni zile kona ambapo hedi, bloku na kava vinakutana, kimo hakilingani sawasawa ndio maana pale panahitaji tone la ziada. Hata tapeti kava likifungwa lazima hizo kona zipate tone. Lakini usifungue kava la cheni kabla hujaangalia valvu ya VVT, ile inayopitisha oili ya kubadilisha taimingi ya valvu, iliyochomekwa upande huo huo wa hedi, nayo ina oringi, ikivuja inamwaga mle mle. Angalia na swichi ya presha ya oili, hii yenye waya mmoja, vuta soketi yake uione ndani, ukikuta oili imejaa kwenye soketi swichi imekufa. Na filta! Injini ikianza kumwaga mara tu baada ya kubadilishwa filta, ifungue utazame kama mpira wa filta ya zamani umebaki umenata kwenye bloku na mpya imekaa juu yake. Mipira miwili haizibi, na inamwaga kwa presha, unaweza kumaliza oili yote ukiwa barabarani.

Kama ni kava kweli basi litoke, silikoni ya zamani ikwanguliwe yote pande zote mbili, pafutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu, ipakwe mstari mwembamba usiokatika, lifungwe hapo hapo kabla haijaanza kukauka, na gari ilale usiku mzima bila kujazwa oili. Makanika wanaopaka nyingi wanadhani wanasaidia, lakini ile inayojibana kwenda ndani inakatika vipande vinaenda kuziba chujio la pampu kwenye sampu na hapo unapoteza injini nzima. Bolti za sampu ni za spana namba 10, nguvu ndogo ya mkono inatosha, ukizikaza kama nati za tairi bati linapinda na linavuja katikati ya bolti na bolti.

SWALI: Kuna dawa wanauza ya kumwaga kwenye oili inazuia kuvuja, niiweke kwenye injini yangu iliyosukwa mwezi uliopita?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Ile inafanya mpira uliokauka uvimbe na ulainike, ni ya gari kuukuu ambalo mwenyewe ameshakata tamaa. Yako mipira ni mipya, kama inavuja ni kwa sababu imefungwa vibaya au injini haipumui, na dawa haikazi bolti. Rudi pale juu kwa Mama Nasri, anza na kuosha.