Muulize Mjomba: Mchungaji, Kwaya na Fenesi Lililopotea

Barua za mwezi huu nyingi ni za mapenzi na za mashamba ya urithi, hizo zitasubiri toleo lijalo, kwa sababu kuna moja imenichekesha mpaka nikaimwagia chai. Nimeianika juani ikakauka, hii hapa.

*Mjomba salaam. Mi ni mwalimu wa praimari hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Naandika hadithi ya mchungaji wa kijiji, kitu chochote kikipotea yeye ndo anakifuatilia, hadithi ya kuchekesha isiyo na damu nyingi. Nilimsomea mume wangu akasema haiwezekani, mchungaji ni mtu wa Biblia, mambo ya wezi hayajui, na akianza kuchunguza watu askofu atamhamisha kabla ya Krismasi. Je ni kweli? Alafu mwizi akienda kuungama kwa mchungaji si hadithi imeisha hapo hapo? Na hivi ni lazima mtu afe ndo watu wasome?*
*Mwalimu, Busia*

Mwalimu mpwa wangu, mwambie huyo bwana Mjomba amesema akae chini kwanza anywe maji. Hilo neno lake, kwamba mtu wa dini hajui mambo ya wezi, limeshasemwa na watu wengine zaidi ya miaka mia iliyopita na ndo lililozaa hadithi za aina hii. Kulikuwa na mwandishi Mwingereza anaitwa G. K. Chesterton, alikuwa na rafiki padri, John O'Connor, siku moja wakawa wanatembea wanapiga stori, padri akamsimulia maovu ya watu ambayo Chesterton mwenyewe, mtu wa magazeti, hajawahi hata kuyasikia. Walipofika nyumbani wakakuta vijana wawili wanaosoma Cambridge, padri alipotoka tu chumbani vijana wakaanza oo mapadri wanafungiwa ndani huko hawaijui dunia. Chesterton akabaki anajizuia kucheka. Kutoka hapo akamuumba Father Brown, padri mfupi, mnene kidogo, mwavuli wake unamwanguka kila saa, hadithi yake ya kwanza ikatoka 1910 na kitabu 1911. Kwa hiyo mumeo yuko na wale vijana wa Cambridge, mpe pole.

Ila tuache Uingereza, tuje kwetu. Kuku akiibiwa kijijini nani anapeleleza? Polisi akija na pikipiki yake kijiji chote kinakuwa kipofu, hata mwenye kuku anasema labda sikuwa na kuku. Chemani wa LC1, yaani baraza la kijiji, ana muhuri, na ukishaona muhuri unajua kuna cha kutoa. Kuna Giso naye, mtu wa usalama wa gombolola, kazi yake ni ya siri na kila mtoto anajua anakunywa pombe yake ya malwa wapi. Sasa mtazame mchungaji. Anaingia nyumba yoyote bila sababu, anapewa kiti kizuri kile chenye kitambaa, anawekewa chai na karanga, na chai haijapoa ameshaambiwa ya jirani. Yuko kwenye kila mazishi, kila harusi, kila kitanda cha mgonjwa, anajua nani hawasalimiani tangu lini, bahasha za sadaka anazitambua kwa mwandiko. Hahitaji kuchunguza watu mpwa wangu, watu wanamletea wenyewe, shida yake ni jinsi ya kuwazuia.

Ntakupa ya kwetu niliyoiona kwa macho. Nilikuwa mdogo, kijiji kimoja karibu na Tororo, Jumapili ya mavuno. Mnajua mnada wa kanisa ulivyo, ibada ikiisha sadaka zinatolewa nje chini ya mwembe, trei za mayai, miwa, mkungu wa matoke, jogoo kafungwa miguu kwa ukambaa wa mgomba, na huyo jogoo ananunuliwa na mtu mkubwa, mtu mkubwa anasema nalirudishia kanisa, watu wanapiga makofi, jogoo anauzwa tena, unakuta kauzwa mara tatu na bado yuko pale pale anashangaa. Mwaka huo mtu alileta fenesi. Fenesi hilo, jamani, kama mtoto wa miaka mitatu amelala. Likawekwa nyuma ya vestri, kile chumba cha mchungaji cha kuvalia kanzu, kivulini sababu lilikuwa limeiva na harufu yake inawatoa watu kwenye neno, na neno lenyewe siku hiyo lilikuwa la mhubiri mgeni, la saa moja na nusu.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza, fenesi hakuna. Kelele! Mzee wa kanisa anamlaumu mbuzi, sasa mbuzi atabebaje fenesi, wengine wakasema ni wale watoto wa barabarani, wengine wakaanza kukumbushana ya mwaka juzi. Mchungaji wetu hakusema kitu. Alingoja mnada uishe, akaomba sala ya kufunga, akasimama kwenye kijia kama kawaida yake kila Jumapili akawapa watu mkono mmoja mmoja. Mi nilikuwa nimesimama ubavuni nimembebea daftari la matangazo. Basi nikaona kitu, kila akishika mkono wa mtu, mkono wake mwenyewe unapanda taratibu mpaka puani, kama mwenye mafua. Wamama wamepita, wazee wamepita, ikaja kwaya. Akamshika wa kwanza wa besi, pua. Wa pili wa besi, pua. Wa tatu akataka kusalimia kwa kuinamisha kichwa tu, mchungaji akamfuata mkono mpaka akaupata.

Ambao kwao kuna fenesi wameshaelewa. Utomvu wa fenesi sabuni hauijui, ukiosha kwa maji unazidi kunata, lazima upake mafuta mikono na kisu kabla hujapasua, na kama hukupaka basi utautoa kwa mafuta ya taa. Wakati mgeni anahubiri wale mabesi walikuwa wanatoka mmoja mmoja kama wanaenda kujisaidia, wakalipasua fenesi, wakala, maganda tuliyakuta baadaye kwenye shimo la choo cha wanaume. Mikono wakaisafisha. Ila mdomo, bwana, nani anapaka mdomo wake mafuta ya taa? Wimbo baada ya mahubiri waliimba kwa kubana midomo, mmm mmm mmm, na sisi tukasema leo besi wameleta ufundi mpya.

Mchungaji akaninong'oneza, nenda vestri kaitikise taa. Nikaitikisa, kavu kabisa, na Mama Mchungaji alikuwa ameijaza jana yake mimi nikiona. Nikarudi nikamwambia, akasema sawa, usimwambie mtu. Jumapili iliyofuata kwenye matangazo, baada ya habari za ubatizo, akasoma hivi bila kuinua macho: kwaya, sehemu ya besi, wataleta mafuta ya taa lita mbili na mafenesi mawili, wao wanajua. Kanisa zima lilicheka isipokuwa watu watano.

Ona sasa kesi hiyo isingeweza kutatuliwa na mtu mwingine. Polisi gani atashika mikono ya watu mia na hamsini na wote wamshukuru? Hapo ndo penye utamu wa hadithi yako, dalili ipatikane ndani ya kazi yenyewe ya uchungaji, kwenye kusalimia, kwenye kuhesabu sadaka, kwenye daftari la ubatizo ambapo tarehe mbili hazikubaliani. Ukimpa miwani ya kukuzia na koti refu umeshamuua, amekuwa askari aliyevaa kola. Huyo Father Brown kwenye hadithi ya kwanza hakimbizani na mtu, anabadilisha chumvi na sukari mezani hotelini, anarusha supu ukutani, anafanya vituko kila anapopita ili polisi wafuate nyayo za vituko, na yule jambazi aliyejivika upadri anamtambua kwa sababu gani? Alianza kuisema vibaya akili ya binadamu, na padri akaona hiyo ni teolojia mbovu, huyu si mwenzangu. Kazi yake ndo ilimwambia.

Kuhusu kuungama, umegusa penyewe. Kwanza amua mtu wako ni nani. Huku kwetu ukisema padri watu wanajua ni Mkatoliki, hana mke, ana kiti cha maungamo. Ukisema mchungaji au Reverendi wa Kanisa la Uganda, yaani Anglikana, ana mke, ana watoto wanaomwaibisha, na wengi wanaungama wote kwa pamoja ibadani, mwenye lake kubwa anamngoja nje jioni karibu na baiskeli. Kwa padri sheria ni kali, kifungu cha 983 cha sheria ya Kanisa kinasema siri ya maungamo haivunjwi kwa neno wala kwa njia yoyote, kinachofuata kinamkataza hata kuitumia hiyo habari ikamdhuru aliyeungama, na padri akiitoa moja kwa moja anatengwa na Kanisa hapo hapo. Sasa we unaona hadithi imeisha, mi naona ndo imeanza. Mwizi mjanja anawahi! Anajua mchungaji amemkaribia, Jumamosi usiku anabisha hodi, Mchungaji nina jambo, ila ni siri ya Mungu. Hapo mdomo umeshafungwa kwa kufuli. Anajua kila kitu na hawezi kusema, Jumapili anapanda madhabahuni mwizi yuko benchi la mbele anaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwache ateseke kurasa kumi hivi, msomaji atacheka mpaka basi, alafu ukweli utoke kwa mtu mwingine kabisa, na mi ningemchagua Mama Mchungaji, ambaye hajaambiwa kitu ila amefua shuka lenye doa la ushahidi.

Na kufa? Si lazima. Kijijini mtu akifa ni turubai, ni sufuria za kuazima, ni watu kulala nje siku kadhaa, kuchekea hapo inataka mkono mwepesi sana. Wenzetu wa Uingereza wanaua lakini wanachagua wa kumuua. Agatha Christie mwaka 1930 alimpiga risasi kanali mmoja ndani ya chumba cha kusomea cha mchungaji, na kanali mwenyewe alikuwa hapendwi na mtu, hata huyo mchungaji mwanzoni kabisa anateleza ulimi mezani kwamba atakayemwua atakuwa ameisaidia dunia. Sasa maiti imepatikana kwake! Hiyo ni njia nyingine nzuri, mchungaji asiwe mpelelezi tu, awe na yeye mshukiwa. Lakini kwa wewe unayeanza, iba. Iba ngoma ya kanisa siku ya kuja askofu, iba mabati manne kati ya hamsini, iba kuku wa mpinzani. Kitu kidogo kinaonyesha watu vizuri.

*Mjomba, asalaam alaykum. Mi Mnubi wa Bombo. Mbona hizi hadithi kila siku ni mchungaji na padri, imamu wetu yeye hana akili?*
*Binti wa Bombo*

Waalaykum salaam binti yangu, anazo, tena nyingi. Imamu anafungisha ndoa, anaosha maiti, anagawa mirathi, na mtu akitaka kuona tamaa ilivyo akae tu pembeni siku ya mirathi. Kilichopo ni kwamba Uislamu hauna maungamo ya mtu kwa mtu, kwa hiyo lile kufuli la mdomoni hulipati, utafute lingine, mathalan amana, kitu alichowekewa na marehemu. Na kwa Kiswahili hatuko nyuma, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishatupa mpelelezi Bwana Msa, mtu na kiko chake na rafiki yake Najum, hadithi yake ya kwanza ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 ikachapwa 1960. Hakuwa imamu, ila kiti umeshawekewa, kaa uandike.

*Mjomba, kwa nini mchungaji asumbuke hivyo vyote? Mi ningeandika aende tu kwa mganga usiku, aangalie kwenye kioo, amwone mwizi, basi.*
*Dereva wa boda, Koboko*

Mdogo wangu, na abiria akikuuliza njia unamwonyesha kwenye kioo? Mwaka 1929 kuna padri Mkatoliki, Ronald Knox, naye alikuwa anaandika hadithi za upelelezi, aliweka kanuni kumi za mchezo huu. Mambo ya mizimu na uchawi kutatua kesi, marufuku. Mpelelezi mwenyewe kuwa mwizi, marufuku. Pacha anayetokea ghafla mwishoni bila sisi kuandaliwa, marufuku, na hili waandishi wetu wa maigizo walisikie. Dalili yoyote anayoiona mpelelezi na msomaji aonyeshwe. Mganga unaweza kumweka, tena mweke, atapamba hadithi, aseme mwizi ni mtu mrefu mwenye nongwa, kijiji kizima kiangaliane, alafu iwe uongo mtupu. Na siku hiyo mchungaji akutane na nusu ya wazee wa kanisa kwenye foleni ya huko kwa mganga, kila mmoja anasema nimepita tu.

Mwalimu wa Busia, ukimaliza hadithi nitumie niisome kabla ya mumeo. Nikikuta fenesi ndani, nakuja huko kukusalimia kwa mkono.