Jeti ya boti inatoa unga mweupe: nipake rangi gani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina boti ndogo ya jeti ya kutembeza wageni. Rangi ya bomba la nyuma na ya kile kikombe cha kurudishia boti nyuma imebanduka magamba, na chini yake kuna unga mweupe kama chumvi. Nimebakiwa na nusu kopo la rangi nyekundu ya chini ya mashua, ile ya kuzuia makombe yasigande. Naweza kusugua na kuipaka mwenyewe? – Msomaji, Diani

JIBU: Marahaba. Kusugua na kupaka unaweza, lakini hilo kopo jekundu usilisogeze karibu na jeti. Rangi nyingi za aina hiyo zina shaba, na bomba lako ni la aluminiamu. Shaba na aluminiamu zikikutana ndani ya maji ya chumvi hupitishana umeme mdogo, na inayoliwa ni aluminiamu. Mashua ya mbao haidhuriki na rangi hiyo, jeti itatoboka. Tena kama boti unaivuta nchi kavu kila jioni, rangi ya kuzuia makombe haina haja kabisa.

Huo unga ni aluminiamu yenyewe iliyokwisha kuliwa. Toboa lengelenge moja kwa ncha ya kisu: mara nyingi utakuta majimaji, na chini yake kishimo. Kabla hujanunua rangi, basi, tazama zinki, kile kipande cha madini kilichofungwa kwenye bomba ili kiliwe badala yake. Kikishaliwa nusu, badilisha. Baharini funga cha zinki au cha aluminiamu. Cha magnesi ni cha maji matamu tu. Na kisipakwe rangi hata tone, kwa sababu kikifunikwa hakifanyi kazi. Nimeona boti nyingi zilizopakwa vizuri, zinki nayo ikapakwa humo humo, na bomba likaendelea kuoza chini ya rangi mpya.

Sasa kazi yenyewe. Toa ufunguo na ukate betri kabla hujaingiza mkono kwenye jeti. Osha kwa maji matamu mengi, kwani chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta maji na malengelenge yatarudi. Ondoa grisi kwa sabuni, kisha ndipo usugue. Ukianza na msasa utaisambaza grisi na kuishindilia ndani. Anza na msasa namba 120 mpaka vishimo vyote viwe safi, malizia na 220. Brashi ya waya wa chuma usitumie, inaacha chembe za chuma zinazoanzisha uozo mpya. Kostiki soda ya kung'olea rangi nayo iache, maana inayeyusha aluminiamu. Ukikuta chini rangi ya zamani ya kijani-njano, huenda ni ya kromati, na vumbi lake husababisha saratani: sugua kwa msasa wa maji, na uvae barakoa ya fundi, si ya kitambaa.

Kujua kama pamesafika, mwagia maji safi. Yakitandaa kama utando mmoja, pako tayari. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia.

Pakikauka usilale nayo. Aluminiamu hujifunika utando mpya upesi sana, kwa hiyo praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, ipakwe saa hizo hizo. Tumia praima ya epoksi ya kopo mbili za kuchanganya inayokubali aluminiamu, uipime kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa macho. Mkono wa pili upake wa kwanza ukiwa bado unanata kidogo kwenye kidole. Ukichelewa mpaka ukakauka kabisa, itabidi usugue tena. Sehemu zinazopigwa na jua zimalizie na rangi ya poliuretani, kwani epoksi juani hugeuka chokaa. Usipake alfajiri kuna umande, wala jioni unyevu ukianza kushuka. Masika ningeahirisha, isipokuwa una banda kavu.

Ndani ya pete inamozunguka impela, lile panga linalosukuma maji, usipake kitu. Nafasi kati ya ncha za impela na pete kwenye jeti ndogo nyingi haifiki nusu milimita, na mikono miwili mitatu ya rangi inaila. Ikibanduka humo inavuruga mzunguko. Ipime nafasi hiyo kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, ulinganishe na kitabu cha injini yako. Ufukweni kama kwenu, maji yakipwa jeti hunyonya mchanga, na pete huisha mapema kuliko rangi. Ziba pia kwa tepu nyuso zinazokutana, midomo ya grisi na pini za kikombe.

Wakati wa kufunga, bolti za stenlesi zipake pasta ya kutenganisha madini, kama Duralac au Tef-Gel. Zinki ifungwe kwenye metali tupu, halafu weka mita ya umeme, ikiwa kwenye kipimo cha omu (ukinzani), kati yake na bomba: usomaji uwe karibu na sifuri. Boti isiguse maji mpaka zitimie siku za kukauka zilizoandikwa kwenye kopo.