Eti mto "unapanda" kaskazini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri habari ya Mto Mackenzie wa Kanada, nimeandika "mto unapanda kaskazini hadi Bahari ya Aktiki, tawimto lake ni Liard, na barafu huchelewa kuyeyuka sehemu ya juu ya mto". Rafiki yangu kaishia kucheka tu. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kilichokuponza ni ile ramani ya ukutani darasani, kaskazini imewekwa juu basi tumekua wote tunadhani kwenda kaskazini ni kupanda. Ishushe mezani uimwagie chai, uone kama chai itajua kaskazini ni wapi. Mto haupandi, hata siku moja. Mackenzie unatoka Ziwa Great Slave, kama mita 156 tu juu ya usawa wa bahari, halafu una kilomita 1,738 za kumaliza hako kamteremko, yani unashuka polepole mno lakini unashuka. Andika "unateremka kuelekea kaskazini", au "unaelekea kaskazini" tu yatosha.

Ila hiyo "sehemu ya juu" ndo mbaya zaidi, manake hapo umegeuza habari yenyewe. Kwa mto, juu ni kule maji yanakotoka na chini ni kule yanakokwenda, ramani haihusiki. Ndo maana Misri ya Juu iko kusini, Nile unatokea huko. Kwa Mackenzie vilevile juu ni kusini, na joto likianza kurudi barafu inakatika huko kwanza, maji yanashuka na mabonge yake yanakuta chini bado pameganda, yanakosa pa kupita, yanarundikana mpaka mto unapanda kingo (hapo sasa ruksa kusema unapanda!) na kuingia majumbani kwa watu. Mei 2021 watu wa Fort Simpson, pale Liard unapoingia, walihamishwa kwa mafuriko ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo barafu inachelewa sehemu ya CHINI, huko Inuvik na kwenye delta. Ukiiacha juu msomaji atajiuliza maji yanazuiwaje na barafu iliyo nyuma yake.

Tawimto sina ugomvi nalo, limeshazoeleka, ingawa mi mwenyewe silipendi: tawi hutoka kwenye shina, na Liard wala hautoki Mackenzie, unaingia.