Kura yangu ya 2015 ilikuwa ya maji

Swali lenu la wiki hii, "Ni sababu gani binafsi iliyokufanya umpe kura mgombea wa urais, na je ungempa tena?", kiukweli ningelisoma nikapita zangu, ila toleo lililopita kuna msomaji mwenzetu kaandika kwamba mtu anayepiga kura kwa sababu zake binafsi hana tofauti na aliyehongwa kofia na kanga. Hapo ndo nikashindwa kunyamaza. Maana mi mwaka 2015 nilimpa Edward Lowassa, kwa sababu binafsi kabisa, na kofia sikupewa, ubwabwa sikula, zaidi zaidi nilimaliza bando langu mwenyewe kubishana na ukoo mzima kuanzia Agosti mpaka Oktoba.

Kwa hiyo naomba lile la "kwa nini" nilijibu kidogo tu, afu nijibu hili linalonikera: hivi kuwa na sababu yako mwenyewe ya kumpenda mgombea ni utoto?

2015 mnaikumbuka. Julai CCM wako Dodoma, jina la Lowassa linakatwa hata tano bora haoni, wajumbe wanaimba wana imani naye mbele ya Kikwete, mwisho wa siku anatoka Magufuli. Hata mwezi haujaisha mzee yuko Chadema na UKAWA yote, ule muungano wa vyama vya upinzani, iko nyuma yake, Chadema ileile iliyomtaja kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga 2007. Dk. Slaa, katibu mkuu wao, akakaa pembeni, Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF, na huku mtaani watu wanazungusha mikono, mabadiliko Lowassa, Lowassa mabadiliko, na wale wa Magufuli wanapita na hapa kazi tu. Mi nilikuwa naishi Tabata, Dar, kura najiandikishia hapohapo kwa zile mashine za BVR, ila kwetu ni Kahama. Na kwetu mwaka ule hakukuwa na mjadala. Magufuli ni mtu wa Chato, kanda ya ziwa, mtoto wa nyumbani, sasa wewe binti wa Kahama unaanzaje kumpigia mtu wa Monduli? Mjomba wangu aliniuliza hivyohivyo kwenye grupu la ukoo, akaweka na vile vikatuni vya kulia.

Nikamjibu neno moja, maji. Akasema maji gani. Sasa ngoja niwaambie maji gani.

Kahama ya sasa hivi mtu anafungua bomba anaoga mara mbili, hawezi kunielewa. Mwaka 2004, kiangazi, Oktoba ile ambayo hata mbuzi wanatembea vichwa chini, babu yetu mzaa baba akafariki. Na msiba unataka maji kabla haujataka kitu kingine chochote, maji ya kumwosha marehemu, ya kupikia, ya kunawa, ya kunywa watu wanaotoka Ushetu na Msalala na Nzega ambao wamekaa kwenye lori juani. Mama ndo mkwe mkubwa, kwa hiyo suala la maji ni la kwake. Mitaa yetu kisima kilichokuwa bado kinatoa kitu ni cha mzee mmoja, kina mfuniko wa bati na kufuli, na mzee ana daftari. Kaya yako imeandikwa humo, siku yako ikifika unachota madumu yako, ikipita imepita. Foleni watu walikuwa hawasimami wenyewe, unaacha jiwe. Kila mtu analijua jiwe lake na la mwenzake, na ukisogeza jiwe la mtu ni ugomvi wa kufikishana kwa balozi.

Tumefika pale mimi na mama jioni, mzee ameshafunga. Mama akamweleza. Mzee akasema, "Mayu, pole sana kwa msiba, ila daftari la leo limejaa." Mama hakubishana. Aligeuza dumu chini juu, akalikalia. Nikajua leo hapa hatutoki. Wanawake wengine walikuwepo, wanalinda mawe yao ya alfajiri, maana usiku ndo mawe hutembea, na kukawa kimya tu, mzee yupo barazani kwake na redio, Radio Free Africa, taarifa ya habari. Sasa katikati ya taarifa ndo ikasomwa kwamba serikali inaleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Shinyanga na Kahama, na waziri wa maji ni huyo Lowassa.

Jamani walicheka! Mama mmoja akauliza yatapandaje, ziwa liko kule na sisi tuko huku. Mwingine akasema yakifika yeye anahama Kahama, atakuwa hana tena kazi ya kufanya. Kuna aliyesema labda yaje na basi la Mwanza. Mi nilikuwa mtoto wa shule, nikacheka na mimi. Aliyenuna ni wawili, mama, kwa sababu ana maiti nyumbani, na yule mzee, ambaye alizima redio kabisa, na nikija kufikiria ukubwani naona alikuwa mtu pekee pale aliyeiamini ile habari, maana ilikuwa inamgusa mfukoni.

Kilichotuokoa si mzee. Kuna mama alikuwa hasalimiani na mama yangu, kisa jogoo, hadithi ndefu. Yule ndo aliinuka akaenda kwa mzee akamwambia futa jina langu la kesho, andika huyu, fungua sasa hivi. Na wengine wawili wakafuata. Mzee akafungua, uso kaukunja. Maji yenyewe sasa, ni tope, tukayatia shabu nyumbani yatulie, na usiku wenyewe haukutosha kutulia. Chai ya msiba ilikuwa na rangi kabla majani hayajawekwa. Babu alioshwa kwa dumu moja, na baba yangu, ambaye ni mtu wa maneno mengi, siku ile alitoka nje ya kile chumba hakusema kitu mpaka tunazika. Wageni wakawa wananawa kwenye beseni lilelile, mmoja baada ya mwingine, unaona mtu anaangalia maji anaangalia mikono yake anaamua kuacha.

Nimeandika sana hapa najua, mhariri utapunguza. Ila bila hiyo jioni huwezi kujua kwa nini kijana wa miaka ishirini na kitu anampigia kura mzee aliyejiuzulu uwaziri mkuu kwa kashfa ya Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura.

Kwa sababu yale maji yalikuja. Chanzo kiko Ihelele kule Misungwi, yanasukumwa, yanapita Solwa, hapo bomba moja linaenda Shinyanga, jingine linakuja kwetu. Na halikuwa jambo la kununua mabomba tu. Kulikuwa na ule mkataba wa 1929 ambao Mwingereza aliuweka na Misri, kwamba huku juu tusiguse maji yanayokwenda Nile bila Misri kuridhia. Nyerere alishaukataa tangu tunapata uhuru, ila kuukataa kwa mdomo ni rahisi, kuchimba mtaro ndo shughuli. Wakachimba, kwa hela za serikali yenyewe, na aliyesimama mbele kusema hatuombi ruhusa alikuwa huyo waziri. Mradi unafunguliwa rasmi 2009, mwenyewe ameshaachia uwaziri mkuu tangu Februari 2008, yuko zake Monduli na ubunge wake. Mi hilo liliniuma, mwaka mzima bomba linatoka maji na yeye anatukanwa kwenye magazeti.

Basi hiyo ndo sababu. Ile elimu, elimu, elimu yake ya kwenye kampeni sikuisikiliza hata.

Sasa tatizo langu ni mama. Mwenye maiti, mwenye dumu, mwenye kuombewa na adui yake. Kura yake alimpa Magufuli. Nilipomuuliza kwenye simu imekuwaje, tena wewe, akanijibu kwa utulivu ule wake kwamba kwani Lowassa hela alitoa mfukoni? Rais alikuwa nani? Nikasema Mkapa. Akasema, sasa mbona hujawahi kumtaja Mkapa hata siku moja. Afu akaniambia yeye anampa Magufuli kwa sababu ya lami, maana zamani kumpeleka mgonjwa Mwanza kipindi cha mvua ulikuwa unaaga ndugu, na alivyokaa wizara ya ujenzi watu wakaanza kufika.

Nikakasirika, nikakata simu. Ila hilo jibu nimekaa nalo miaka, na hata sasa naandika ndo nazidi kuliona. Lowassa yuko maji, Magufuli yuko ujenzi, 2000 mpaka 2005, baraza moja, rais mmoja, kodi zilezile za pamba yetu na wengine. Mimi na mama tumegombana kwa ajili ya mawaziri wawili waliokuwa wanafanya kazi waliyoajiriwa. Matokeo yalivyotoka, Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97, mi nililia, mama alipika wali, na wote wawili sababu zetu zilitoka kwenye bajeti moja.

Halafu ikaja ya kunimaliza. Yale maji yakaendelea mbele, Nzega, Igunga, mpaka Tabora mjini, na aliyezindua Januari 2021 ni Magufuli, miezi miwili kabla hajafariki. Kwa hesabu zangu mwenyewe nilitakiwa niwe nimempa kura 2020. Sikumpa. Nilikuwa na sababu nyingine, za mambo yaliyokuwa yanaendelea nchini miaka ile, na hazikuwa za nyumbani kwetu, zilikuwa za watu nisiowajua kabisa. Kwa hiyo sijui tuseme nilikua, au tuseme maji yakishakuwepo bombani mtu anapata nafasi ya kufikiria vingine. Nadhani hilo la pili. Ndo maana huyo msomaji wenu wa kofia na kanga bado namkatalia, inaelekea kwao maji hayakuwahi kukatika. Mwenye kiu utamfundishaje katiba.

Ila sasa nisiwadanganye pia. Richmond sikuwahi kuipima. Nilikuwa naisikia, kamati ya bunge ya Mwakyembe iliyoichunguza na nini, afu naiweka pembeni, najiambia walimtoa kafara. Inawezekana walimtoa kafara kweli, wapo wengi wanaoamini hivyo mpaka leo, lakini mi sikufika hapo kwa kusoma ripoti, nilifika kwa kisima. Na mwaka 2019, Machi mosi, alivyorudi CCM akasema amerudi nyumbani, mama alinitumia meseji fupi, "na wewe je?" Sikuijibu. Alipofariki Februari 2024 nilisikitika kama ndugu, na mama naye alisikitika, alisema alikuwa mtu wa maji.

Kwa hiyo swali lenu, ningempa tena? Kwa 2015 ileile, na nilichokuwa nakijua, ndiyo, ningempa, na foleni ya saa kumi na moja asubuhi pale shule ya msingi ningeipanga tena. Lakini mdogo wangu wa mwisho, ambaye kazaliwa bomba liko uani, mwaka jana kabla ya uchaguzi alikuwa ananieleza anampenda mbunge fulani sababu kawaletea transfoma mtaani kwao, nikambishia vibaya sana, nikamuuliza kwani hela katoa mfukoni. Akaniuliza hayo maneno nimeyatoa wapi. Nikamwambia kampigie mama.