Usiiache mantiki eti kwa sababu chatboti inaongea

Juzi nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja, yupo mwaka wa mwisho hapa hapa Unguja, anasomea kompyuta. Kaandika refu, salamu na dua kwanza, mwisho ndo akatoa lake: "Dada, nataka proposali yangu iwe ya mantiki na jinsi watu wanavofikiri, lakini kila nikisema naambiwa hayo ya kizamani, siku hizi ni kulisha modeli data tu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi lakini suala lenyewe halijanitoka, kwahiyo naliandika hapa na nyinyi wengine mlione, manake najua mpo wengi mnaotaka kufika mbali kwenye utafiti wa akili mnemba.

Na mimi niliambiwa hivo hivo. Nilisimama mbele ya jopo na slaidi zangu, sijafika hata katikati mkubwa mmoja akanikata kauli, akasema mantiki ilishakufa zamani, binaadamu hafikiri kwa mantiki na kompyuta ya leo haiihitaji. Watu wakacheka. Leo makala yangu ya kwanza imekubaliwa na mada ni ile ile, sikubadilisha hata kichwa chake, Alhamdulillah, lakini kile kicheko bado kinaniuma na sitoficha.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wanaosema mtu hafikiri kwa mantiki wana ushahidi wao, na we lazima uujue kuliko wao. Kuna mtihani wa kadi nne wa mwanasaikolojia Peter Wason, Uingereza, 1966. Mezani unaona E, K, 4 na 7, kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, unaambiwa kila yenye irabu ina namba shufwa nyuma yake, jee, ugeuze zipi kuhakikisha? Jibu ni E na 7 (nyuma ya 7 pakiwa na irabu kanuni imevunjika, lakini nyuma ya 4 pakiwa na chochote haivunjiki), na waliopata walikuwa wachache sana. Afu 1982 watafiti wengine, Griggs na Cox, wakawapa wanafunzi wa Florida mtihani wenye umbo lile lile lakini unahusu umri wa kunywa bia, karibu robo tatu wakapata. Hapo tu ungepaswa kujiuliza kama shida ni akili ya mtu au ni suali lilivoulizwa.

Mtihani ulionishika mimi hasa ni wa mwanasaikolojia Ruth Byrne, 1989. Unaambiwa: mwanafunzi akiwa na insha ya kuandika, atasoma maktaba mpaka usiku. Ana insha. Asilimia 96 wakasema basi atasoma. Kundi jengine likaongezewa sentensi moja, kwamba maktaba ikiwa wazi atasoma mpaka usiku, na waliosema atasoma wakashuka mpaka asilimia 38. Kwa mantiki ya vitabuni hilo haliwezekani, ukiongeza maelezo hitimisho la mwanzo halivunjiki. Watu wakalichukua hilo kuwa ndo dalili kwamba binaadamu hana mantiki.

Mi sikuridhika. Likizo nikenda Pemba, Wete, kwa mama mkubwa, nikawauliza wa nyumbani, nimebadilisha maneno tu. "Kama Saidi ana mtihani, atakesha anasoma. Saidi ana mtihani. Jee, atakesha?" Mama mkubwa anapeta mchele wala hakuniangalia: "Atakesha, kwani ana kazi gani nyengine?" Nikaongeza: "Kama umeme upo, atakesha anasoma." Ungo ukasimama. "Umeme wenyewe upo?"

Hakusema ndio wala hapana, kaniuliza mimi. (Na sisi tuliokuwa Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakina umeme, tungeuliza haraka zaidi yake.)

Kanuni anayoitumia mama mkubwa ni hii: mtu akiwa na mtihani, na hakuna kizuizi, atakesha. Kipande cha kizuizi hakitamkwi lakini kimo, na kizuizi ambacho hakijatajwa unahesabu hakipo mpaka kitajwe. Sentensi yangu ya pili haikusema umeme umekatika, ilimkumbusha tu kwamba unaweza kukatika. Keith Stenning na Michiel van Lambalgen waliyaeleza haya kwa kirefu mwaka 2008 kwa kutumia uprogramu wa mantiki, yaani unaiandikia kompyuta kanuni afu yenyewe inatoa hitimisho, na ukiyaandika kwa Prolog, lugha ya kompyuta ya kazi hiyo, yanakuwa mistari miwili (:- isome "ikiwa", na \+ isome "haijathibitika kwamba"):

atakesha(X) :- ana_mtihani(X), \+ kizuizi(X).
kizuizi(_) :- \+ umeme_upo.

(Mwanzoni andika :- dynamic umeme_upo/0. la sivyo SWI-Prolog, programu ya kuendeshea Prolog, itakupigia kelele kwamba umeme_upo haiijui.) Jaribu: iambie ana_mtihani(saidi), afu iulize atakesha(saidi). Usipoipa habari ya umeme, itakujibu false, yaani si kweli. Mama mkubwa hakusema false, aliuliza. Mwanya huo baina ya false ya mashine na suali la mama mkubwa ndo makala yangu yote, na dawa yake inaanzia kwenye kazi ya watafiti Kakas, Kowalski na Toni ya 1992, ambapo kitu usichokijua unaruhusiwa kukiweka kama dhana afu ukakifanyia uhakiki.

Na hili kwetu si geni kabisa. Chuo cha Kurani tumefundishwa sote: una yakini na udhu wako, ikakuingia shaka kama umetenguka, baki na udhu wako, yakini haiondoki kwa shaka. Ukipata yakini kwamba umetenguka, hukumu inageuka pale pale. Maulamaa wa usuli wa fiqhi wana jina lake, istis-habu, yaani kubaki na hali ya mwanzo mpaka ithibitike imebadilika, na wameijadili karne na karne. Mwaka 1980 wataalamu wa kompyuta John McCarthy na Raymond Reiter wakachapisha kila mtu njia yake ya kuipa kompyuta hukumu za aina hii, katika toleo moja la jarida la Artificial Intelligence. Ukiambiwa ni ndege unahesabu anaruka, mpaka ujue ni pengwini, ndege asiyeruka. Kwahiyo mtoto aliyesoma chuo Wete au Makunduchi asiingie kwenye fani hii kama mgeni, umeshapita kwenye mlango huu na Maalim wako akiwa kakaa mbele yako.

Ushauri wangu basi. Kaa na watu. Chukua sentensi wanazosema, uziandike kanuni, uangalie mashine inajibu nini na wao wanajibu nini, afu ukae tena na watu. Mtu akijibu tofauti na kitabu usikimbilie kusema kakosea, muulize kafikiri vipi, kwanza kauelewa vipi msemo wenyewe. Na chatboti usizichukie, zitumie, lakini jua kwamba kuongea vizuri na kuthibitisha ni mambo mawili. Julai 2024 mifumo ya akili mnemba ya Google DeepMind, AlphaProof na AlphaGeometry 2, ilipata pointi 28 kati ya 42 kwenye maswali ya olimpiadi ya hisabati ya dunia, kiwango cha medali ya fedha, na AlphaProof inaandika ithibati zake kwa Lean, lugha ya kompyuta ya kuandikia ithibati, ambayo inakagua kila hatua kwa mantiki rasmi kabisa. Hiyo ndo mantiki iliyokufa.

Vijana wangu, msikubali mtu akakuchagulieni cha kufikiri kwa sababu tu ana cheo na we huna. Soma, kesha, omba Mungu, jibu kwa kazi. Wanaocheka hawajasoma Byrne, na wengi wao hata Wason wanamjua kwa jina tu. Ukiwa umesoma we na wao hawajasoma, kicheko chao hakina uzito wowote, hata kama siku ile kitakuliza.

Mdogo wangu, SWI-Prolog ni ya bure na inaingia hata kwenye laptopu kuukuu, anza nayo wiki hii. Nitumie proposali kabla hujaipeleka, sehemu ya majaribio iandike mwanzo, na hakikisha utawauliza na watu wa nje ya chuo, wavuvi, mama ntilie, bibi zako, si wanafunzi wenzako peke yao.